Mzigo Wenu, Matairi Yangu

Mji huu wa Kigoma una watu wengi wenye mzigo, na watu wengi zaidi wenye ushauri. Mwenye kununua matairi ni mmoja tu, naye ndiye mwandishi wa safu hii. Tangu ijulikane kwamba mkonga wangu unataka matairi mapya, sipiti Mwanga sokoni bila kusimamishwa. Fundi baiskeli ana lake la kusema. Muuza migebuka ana lake. Shemeji yangu wa Bangwe, ambaye chombo pekee cha magurudumu alichowahi kumiliki ni toroli, aliniketisha barazani mpaka chai ikapoa, akinifundisha tofauti ya tairi la Kijapani na la Kichina.

Nieleze kwanza gari lenyewe, maana ndiko ugomvi unakoanzia. Ni Land Cruiser pikapu, ile tuliyoibatiza mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililosimama kando ya kioo. Nyuma lina tela. Juu ya tela leo kuna boti, kesho kuna magunia ya dagaa kutoka Katonga, keshokutwa madumu ya mawese, na siku nyingine injini ya boti inayopelekwa kwa fundi Ujiji na mwenyewe amekaa juu yake asije akaibiwa njiani. Kazi yangu ni kuvuta. Navuta kutoka mwaloni Kibirizi, napanda hadi Mwandiga, kisha Kasulu au Manyovu, na mara nyingine nashika njia ya kusini kupitia Simbo mpaka Ilagala, kwenye mto Malagarasi.

Kuvuta boti katika ziwa hili hakujaanza na mimi, na hakujawahi kuwa rahisi kwa yeyote. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwang'oa Wajerumani Ziwa Tanganyika, nao hawakuwa na meli hata moja humu. Wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza kwa bahari hadi Cape Town, wakazipandisha treni hadi Fungurume kule Katanga, na kutoka hapo wakazikokota porini na kuzivusha milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na maksai. Wakamalizia kwa reli na mto Lualaba hadi ng'ambo yetu, mahali panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani ya Wajerumani. Watu husifu ushujaa wao. Mimi nawaonea wivu kwa jambo moja: mashine zao zilikuwa na magurudumu ya chuma. Hakuna shemeji aliyewauliza kama yana kashata.

Maana ushauri wa kwanza hapa, kwa wazee na vijana, ni kashata, yaani yale meno ya tairi. "Weka kashata kubwa, kaka, huku kuna tope." Tope lipo, sikatai. Mvua zetu zikishaanza mwishoni mwa mwaka haziagi mpaka Mei, na udongo mwekundu wa njia za vijijini ukilowa hauna undugu na mtu. Lakini mwangalie anayetoa ushauri huo. Ni yule yule ambaye boti lake limekwama topeni na anataka nikalitoe. Mkate wangu wa kila siku uko kwenye lami: lami ya Mwandiga, lami ya Kasulu, lami ya Manyovu. Kashata kubwa kwenye lami inalia njia nzima hata redio huisikii, inaisha upesi, na lami ikilowa, breki inakuwa ya kuomba dua. Na nyuma yako kuna tani moja na nusu ambayo haina habari kwamba umekanyaga breki. Kwa mwenye kuvuta tela, kashata ya kati, inayokubali lami na vumbi, inatosha. Siku ya tope kuna koleo, kuna mbao za kutandika, na kuna vijana wa mwaloni ambao siku hiyo bei yao hupanda kuliko dizeli.

Tena kinacholiua tairi la kuvutia tela si tope, ni joto. Mzigo unalikandamiza, ubavu wake unajikunja kila linapozunguka, unakunjuka, unajikunja tena, mara mamia kwa dakika moja, na kule kujikunja kunazaa moto ndani ya mpira. Tairi lenye ubavu laini, au lenye upepo pungufu, linapasuka mchana kweupe kwenye lami nzuri isiyo hata na kokoto. Na kwa kuwa tuko Kigoma, watu wanaanza kumtafuta mchawi. Mchawi yuko pale kwa kijana wa pampu. Kijana huyo ana namba moja tu maishani mwake: thelathini. Noah ikija, thelathini. Bajaji ikija, thelathini. Nikija mimi na boti nyuma, thelathini. Nimemwambia mara nyingi kwamba tairi la daraja E, lile wauzaji wanaloliita la plai kumi, linapobeba mzigo wake wote linaweza kutaka hata psi 80, na kwamba kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na tairi lipimwe likiwa limepoa. Akanisikiliza kwa heshima zote. Kisha akauliza: "Kwa hiyo niweke thelathini na ngapi, mzee?"

Basi nikaenda dukani. Duka silitaji, wenye maduka ya matairi ni wachache na wote tunasalimiana. Muuzaji akanitolea matairi mazuri kweli kweli, meusi yanang'aa, yenye maandishi meupe ubavuni na kashata iliyonuna. "Bosi, haya ndiyo yanayokwenda sasa hivi. Hata Wakongo wanakuja kuyachukua." Nikapiga magoti, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kusoma ubavu. Muuzaji akadhani nimedondosha hela, akapiga magoti na yeye.

Ubavu wa tairi hauna siri, ila hauna wasomaji. Tairi la mkonga wangu limeandikwa 225/95R16C, halafu 118/116, halafu herufi S. Upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 95 ya upana, rimu ya inchi 16, na C ni alama ya tairi la gari la biashara. Kila dereva anaijua 16. Mimi ninachokitafuta ni 118. Hiyo ndiyo namba ya mzigo, na maana yake tairi moja linabeba kilo 1,320 likiwa na upepo wake kamili. 116 ni pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja kama ya lori: hapo kila moja linashuka hadi 1,250. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa, ambazo mimi na tela langu tunawaachia wenyewe.

Yale mazuri yaliyonuna yaliandikwa 104. Namba 104 ni kilo 900. Chukua kalamu ufanye hesabu ya ekseli ya nyuma: mawili ya 118 yanabeba kilo 2,640, mawili ya 104 yanabeba 1,800. Tofauti ni kilo 840. Hizo kilo 840 ndizo nyavu zilizolowa, ndiyo injini, ndio vijana waliodandia, na ndio uzito wa shingo ya tela. Maana tela halijibebi lote. Likifungwa vizuri, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inalalia kule nyuma ya gari. Tela la kilo 1,500 linakukalisha kilo 150 hadi 225 juu ya matairi ya nyuma kabla hujapakia hata gunia moja.

Nikamwambia muuzaji, "Haya ni ya gari la kupeleka watoto shule."

"Lakini bosi, yanaingia."

Kuingia yanaingia. Hata mimi naingia kwenye suti ya mdogo wangu, ila nisiketi.

Akaona mimi ni mgumu, akaenda mlangoni kuleta mengine. Haya yalikuwa 118, lakini yalikuwa na rangi ya kijivu iliyonitia shaka. "Mapya kabisa haya," akasema, "ona, bado yana nywele." Hapa lazima nisimame. Watanzania tunaamini nywele. Vile vinyuzi vya mpira vinavyochomoza kwenye tairi ni alama ya matundu ya kutolea hewa kwenye kalibu ya kiwandani, basi. Vinaonyesha kwamba tairi halijatembea. Havionyeshi limekaa wapi na kwa muda gani. Tarehe iko ubavuni pia, kwenye tarakimu nne mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lile la nywele lilisomeka 2314: wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi wa matairi wanasema lisizidi miaka 10 hata kama halijawahi kugusa barabara, na baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema 6. Tairi hili lilikuwa mlangoni mwa duka likitazamana na jua la Kigoma miaka yote hiyo. Nikalibonyeza ubavuni kwa kucha, likaniwekea mstari wa nyufa nyembamba. Nywele zake, lakini, zilikuwa nzima.

Ikafuata bei. Bei ya tairi hapa haitajwi peke yake, inatangulizwa na sababu. "Unajua bosi, huku ni mwisho wa reli." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye saruji, kwenye mabati, kwenye vitabu vya shule na kwenye kitunguu kinacholimwa jirani. Ni kweli reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914 na tangu hapo haijasogea, na kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250. Lakini kwa reli hiyo hiyo Wajerumani walileta meli nzima, Graf von Götzen iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, imefunguliwa vipande vipande makasha kwa maelfu, wakaiunga hapa hapa Kigoma; ndiyo hii tunayoiita Liemba. Meli ilifika. Iweje tairi likifika tu liwe limechoka kwa safari kiasi cha kudai nyongeza?

Nje ya duka alikuwapo mzee mmoja ambaye hukosi kumkuta pale. Hanunui, hauzi, anakumbuka. "Matairi yalikuwa ya Arusha," akasema, na mimi nikajua sitaondoka mapema. Ana haki. Kiwanda cha General Tyre kilianzishwa Arusha mwaka 1969, na kwa miaka mingi tairi la nyumbani lilikuwa linatoka nyumbani. Mwaka 2009 kikasimama, na tangu hapo kila kiongozi akipita Arusha huahidi kukiamsha. Mzee anasema matairi ya kiwanda kile hayakuwa yakipasuka. Nikamuuliza aliendesha gari gani siku hizo. Akasema alikuwa anapanda basi.

Msomaji anaweza kuona haya yote ni kelele za mtu bahili. Basi na aje Kibirizi asubuhi, wavuvi wanaporudi na dagaa wa usiku. Boti linatolewa majini likafanyiwe ukarabati. Narudisha tela nyuma mpaka magurudumu yake yanazama ziwani, boti linasukumwa juu, linafungwa kamba. Nimeshapunguza upepo kidogo ili matairi yatandae juu ya mchanga. Nikifika lami nitapandisha. Naweka gia ya nguvu, naanza kuvuta taratibu. Chungulia tairi la nyuma sasa hivi: ubavu umetuna chini kabisa pale linapokutana na mchanga, mikunjo imejipanga, maji yanachuruzika kutoka kwenye kashata, na rimu iko vidole vinne tu kutoka ardhini. Ndipo kijana mmoja anarusha nyavu zilizolowa juu ya boti. Mwingine anarusha nanga. Wa tatu anapanda mwenyewe, anakaa, anavuta kofia machoni.

"Shuka, kaka, mzigo umetosha."

"Ongeza kidogo tu, mzee. Gari linaweza."

"Gari linaweza. Tairi limesema kilo 1,320."

"Limekwambia lini?"

Na wote wanacheka, na hashuki mtu.

Kuna jambo lingine linaloniudhi, nalo ni maisha ya tairi baada ya kuchoka. Desturi yetu ni hii: jipya linafungwa mbele, likilika linahamia nyuma, likiwa kipara linakuwa spea, na spea ikiwa haifai hata kwa spea, inafungwa kwenye tela. Tela kwetu halihesabiwi kuwa gari. Linabeba boti lenye thamani ya nyumba, juu ya tairi ambalo hata mwizi analiacha. Tairi la tela likipasuka mteremkoni, tela linaanza kuchapa mkia kushoto na kulia, na dereva aliye mbele anashindwa kuchagua baina ya breki na shahada. Kwa hiyo nilipohesabu matairi ya kununua sikuhesabu manne. Nilihesabu manne ya gari, mawili ya tela na spea moja iliyo hai. Mama watoto akanitazama, akachukua kalamu.

Mama watoto ndiye mwenye daftari. Aliniuliza swali ambalo washauri wote wa Mwanga hawajawahi kuniuliza: "Baba watoto, anayelipa nauli ya boti kwenda Mwandiga, analipia nini?" Nikasema dizeli, na kazi yangu. "Na tairi?" Nikanyamaza. Akageuza kurasa. Dizeli ipo kila mstari. Mikate ipo, soda za vijana wa mwaloni zipo, hata karanga zipo. Tairi halipo popote, kwa sababu haliishi siku moja; linaisha kidogo kidogo, kila mteja anaondoka na kipande chake bila kukiona, na siku ya kukusanya vile vipande inakuwa yangu peke yangu. Hata ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapumzike na kuzaana, samaki walizaana lakini matairi yangu yalizeeka yakiwa yamesimama juani chini ya uzito wa gari. Tairi haliendi likizo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mtu anapenda kuzungumzia kashata. Kashata inaonekana, na kuisifia hakuna gharama. Namba ya mzigo ukiisoma kwa sauti, lazima mtu mmoja ashuke kwenye boti, au aongeze hela. Ndiyo maana haisomwi.

Nimenunua. Ni ya 118, ya tarehe changa, kashata ya kati, yote ya aina moja na kimo kimoja, kwa sababu gari linalovuta kwa magurudumu manne halitaki mguu mmoja mrefu. Yamesawazishwa, usukani umenyooshwa. Mji umeyakagua na haujaridhika. Fundi baiskeli anasema ni membamba. Muuza migebuka anasema hayatishi. Shemeji wa Bangwe amekuja mwenyewe, ameyazunguka, ameyapiga teke moja baada ya jingine kama wanavyofanya wajuzi, akasema angekuwa yeye angeweka mapana. Mteja wangu wa dagaa amefurahi peke yake: "Sasa kwa kuwa umeweka matairi mapya, mzee, tunaweza kuongeza magunia." Nikampa nauli mpya, yenye mstari wa tairi. Anadai nimebadilika tangu nipate mali.

Lakini nilichokuwa sikitarajii ni foleni ya yale ya zamani. Watu ambao hawakutoa hata mia walifika kabla fundi hajamaliza kukaza nati. Mwenye boti anayataka ya kuning'iniza ubavuni, lisigonge gati. Fundi wa makatambuga wa Ujiji anayataka ya kukata soli. Shemeji anayataka ya tela analofikiria kulitengeneza. Wote wanasema maneno yale yale: "Si hayana kazi tena, hayo?"

Nikawatajia bei. Wakashika vichwa. Shemeji akauliza, kwa uchungu wa ndugu, inawezekanaje vipara vinne viuzwe hela yote hiyo.

Nikamwambia pole sana, shemeji, unajua huku ni mwisho wa reli.